Fimbo Aliyoitoa Rula

Walimwita Rula kwa sababu ya macho yake. Ungemsimamisha popote katika uwanja ule wa gofu, ukamwonyesha bendera iliyo mbali, angekunja jicho moja, akatulia kidogo, halafu akakwambia, "Mita mia moja thelathini na mbili." Wabishi walikwenda kupima kwa kamba. Walirudi kimya.

Hakuzaliwa na kazi hiyo. Aliingia ukedi akiwa na miaka ishirini na minne, baada ya kiwanda cha misumari alikokuwa akifungasha maboksi kufunga milango. Jirani mmoja alimwambia kwamba pale kwenye gofu wanatafuta makedi, yaani watu wa kubeba mabegi ya fimbo za wachezaji. Akaenda kwa wiki moja tu, ajishikize huku akitafuta kazi ya maana. Wiki hiyo moja ikawa miaka ishirini na mitatu.

Mwaka wake wa kwanza alikuwa akifika alfajiri, kabla ya wakata majani, akiupima uwanja mzima kwa kamba yenye mafundo. Kila alichopima alikiandika kwenye daftari la shule: kutoka kisiki mpaka mchanga, kutoka mfereji mpaka bendera. Makedi wenzake walimcheka mpaka wakachoka. "Huyu anataka kuununua," walisema. Yeye akaendelea kupima.

Maana kazi ya kedi si begi. Begi hata punda atalibeba. Kazi ya kedi ni kujibu swali moja ambalo mchezaji humuuliza mara hamsini kwa siku: nitumie fimbo ipi? Makedi wengi hujibu kwa kuzungukazunguka, ili mambo yakiharibika wawe na pa kutokea. Rula alikuwa na jibu moja, fupi. Wachezaji wakampenda kwa hilo, na heshima ikamkaa vizuri mwilini. Labda vizuri mno.

Mchezaji wake wa kudumu alikuwa mama mmoja wa miaka sitini na moja, mkunga mstaafu wa hospitali ya serikali, na pale uwanjani kila mtu alimwita Mkunga. Alianza gofu akiwa na miaka hamsini, baada ya daktari kumwambia atembee kwa ajili ya magoti. "Nikaona kutembea bure bure nitaonekana mwendawazimu," alipenda kusema, "bora nitembee nikifuata kitu." Hakuwa na nguvu, lakini alikuwa na utulivu. Mkono uliopokea watoto elfu kadhaa hautetemeki kwa sababu ya mpira mdogo mweupe.

Rula alimbebea begi kwa miaka tisa. Yeye alimwita Mama, na Mkunga alimwita mdogo wangu. Walikuwa hawaongei sana. Mama akifika kwenye mpira, akinyoosha mkono bila kugeuka, fimbo ilikuwa tayari iko pale.

Basi ikafika fainali ya wanawake, siku mbili za kuchezwa, na Mkunga, ambaye hakuwahi kushinda kitu chochote zaidi ya mwavuli, akajikuta anaongoza. Walipobakiza shimo moja tu, la kumi na nane, alikuwa mbele ya mpinzani wake kwa mipigo miwili. Mpinzani huyo alikuwa wakili, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mabega ya muogeleaji. Kedi wake alikuwa Kipara, mtu wa maneno mengi, aliyekuwa akishindana na Rula kimyakimya tangu siku walipoanza kazi pamoja.

Shimo la kumi na nane lina bwawa upande wa kulia na miti upande wa kushoto. Mwanzoni njia ni pana, halafu inabanwa katikati, bwawa likiwa limeingia ndani, kisha inapanuka tena. Kwa mpigo wa kwanza mchezaji ana fimbo mbili za kuchagua. Ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote, yenye kichwa kikubwa kama ngumi ya bondia, na makedi huiita dereva. Dereva hupeleka mpira mbali, ila ukikosea kidogo, anakupeleka anakotaka yeye. Ya pili ni mbao namba tatu. Wanaiita mbao kwa mazoea tu, siku hizi ni chuma kitupu. Kichwa chake ni kidogo, mpira hauendi mbali sana, lakini huenda ulikotumwa.

Wakili alikuwa na nguvu za kuliruka bwawa lote kwa dereva. Mkunga hakuwa nazo. Mpira wake yeye kwa dereva ulikuwa ukitua pale pale njia inapobanwa. Kwa hiyo walishakubaliana tangu miaka ile ya mwanzo, na Rula ndiye aliyekuwa amesema: "Mama, kumi na nane sisi ni watu wa mbao." Walikuwa hawajawahi kuvunja mapatano hayo hata mara moja.

Wakili akapiga kwanza. Akachukua dereva, na mpira ukapita juu ya maji, ukatua mbali, katikati kabisa. Nyuma ya kamba walikuwa wamekusanyika watu wa klabu na makedi karibu wote, na wakapiga makofi. Kipara akamsogelea Rula, akamnong'oneza, "Nyie mnachomoa kijiti cha kuchokolea meno, au leo mtacheza na wakubwa?"

Ni maneno ya kitoto. Rula mwenyewe baadaye alishindwa kuelewa jinsi yalivyomwingia. Lakini aliwaona makedi wenzake pale kambani wakimtazama, akaona jinsi itakavyopendeza, mama mzee na kedi wake wakimaliza kwa mpigo mkubwa, na watu watakavyosema Rula, Rula. Mkunga alishanyoosha mkono kuelekea begini. Vidole vyake vilishagusa mbao. Rula akautoa mkono ule taratibu, akaivua dereva kofia yake, akampa.

Mkunga akaitazama fimbo, kisha akamtazama yeye.

"Mdogo wangu, una uhakika?"

"Nina uhakika, Mama. Upepo uko nyuma yetu."

Upepo haukuwa nyuma yao. Hapakuwa na upepo wowote.

Mpira uliondoka vizuri. Sekunde mbili hivi Rula aliona kama mambo yamemnyookea. Kisha ukaanza kukata kulia, polepole, bila haraka, ukaingia majini pale pale palipoandikwa kwenye daftari lake. Watu wakasema "Aaa!" kwa pamoja.

Kilichofuata kilikuwa kirefu na kibaya. Adhabu ya mpigo mmoja. Mpira mwingine, ukagonga mti. Mpigo wa kurudi njiani. Mpigo wa kufika kwenye bendera, na hapo mkono usiotetemeka ukatetemeka: alisukuma mara tatu ndipo mpira ukaingia. Jumla nane. Wakili alimaliza kwa mitano. Mkunga akawa ameshindwa kwa mpigo mmoja. Alivua kofia, akampa Wakili mkono, akamwambia amecheza vizuri. Akamshukuru na Rula, kama kila siku.

Mpaka hapo, ingekuwa kosa tu la kazi. Makedi wote wana makosa kama hayo.

Banda la makedi lilikuwa nyuma ya karakana ya mashine za kukatia majani: mabenchi mawili, misumari ukutani ya kutundikia mashati, kioo kilichopasuka, mlango usiofunga. Rula alipoingia, wote wakamgeukia.

"Kaka, ile dereva ilikuwa ya nini?" mmoja akauliza. "Pale si pa mbao?"

Kinywa cha Rula kikajibu kabla yeye mwenyewe hajaamua.

"Nilimpa mbao. Akakataa. Mama yule mnamwona mpole, lakini akiamua lake humwambii kitu. Nilimwambia, Mama, maji hayo. Akaniambia nipishe."

"Akakwambia nipishe?"

"Nipishe, hivyo hivyo."

Kipara alikuwa amekaa kwenye benchi akifungua kamba za viatu. Alikuwa pale pale, hatua tatu tu, ameona kila kitu. Aliinua uso akamtazama Rula, halafu akamkonyeza. Baadaye Rula alisema maisha yake yote hajawahi kuchukia kitu kama alivyolichukia lile konyezo, na papo hapo alilishukuru.

Ndipo akageuka, akamwona Mkunga amesimama mlangoni. Mkononi ameshika taulo la kufutia fimbo.

"Umelisahau kwenye begi," akasema. Akalitundika kwenye msumari wa karibu, kwa sababu Rula hakunyoosha mkono kulipokea, akaondoka zake.

Hakuna aliyejua kama amesikia. Rula alijua.

Jumatano iliyofuata alikwenda uwanjani akiwa na hakika kwamba Mkunga amechukua kedi mwingine. Alimkuta anamngoja. "Umeamkaje, mdogo wangu?" "Salama, Mama." Wakaanza kucheza. Kwenye shimo la kwanza Rula akachomoa fimbo, akamwekea tayari kama siku zote. Mkunga akapita, akalifikia begi mwenyewe, akachagua yake. Shimo la pili hivyo hivyo. Mashimo yote kumi na nane hakumuuliza umbali hata mara moja. Hakuwa amenuna, alizungumza habari za wajukuu, za magoti, za bomba la jikoni lililopasuka. Ila hilo swali moja hakuliuliza tena. Wiki ile, na wiki iliyofuata, na iliyofuata. Rula akabaki anabeba begi.

Nyumbani, mkewe alikuwa fundi wa kufuma masweta ya shule, na mashine yake ilijaa nusu ya sebule. Habari ilimfikia kupitia mke wa kedi mwingine. Siku hiyo aliisimamisha mashine katikati ya mstari, jambo asilolifanya kirahisi.

"Baba watoto, ni kweli Mkunga alikukatalia mbele za watu?"

"Mambo ya uwanjani hayo."

"Mimi sijui mbao wala dereva. Lakini yule mama alikaa na mimi wodini tangu asubuhi mpaka jua linazama, nilipomzaa binti yako wa mwisho. Nilimtukana. Nilimng'ata mkono. Hakuniambia nipishe." Akamtazama. "Kwa hiyo neno hilo alilitoa wapi?"

Rula akasema chakula kinapoa. Kilikuwa hakijapakuliwa bado. Mkewe akairudia mashine yake, na usiku ule na kesho yake hakumuuliza tena, na hilo lilimtesa kuliko maswali.

Kwa maana uongo haukukaa pale ulipotupwa. Ulitiwa chumvi. Mara Mkunga alimsukuma kedi wake. Mara alimwita mjinga. Katibu wa klabu, mtu mcheshi aliyependa kusikika, alimkuta Mkunga ukumbini, Rula akiwa nyuma na begi, akamwambia kwa sauti, "Mama, mwaka ujao tumsikilize kedi wetu, eh?" Watu wakacheka. Mkunga naye akatabasamu. "Nimesikia," akasema. Rula alitazama sakafu mpaka akaujua kila ufa.

Na bandani likazaliwa neno. Kedi akimshauri mwenzake kitu, mwenzake akakataa, aliambiwa, "Usinifanyie ukunga." Lilikuwa neno la kuchekesha, likapendwa. Ndani ya miezi miwili wakata majani nao walikuwa wakilitumia, na msichana wa mapokezi, bila kujua limetoka wapi.

Mwaka ulipokaribia kwisha, msimamizi wa makedi akastaafu. Kamati ikamteua Rula. Katibu alimwita ofisini, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akamweleza sababu. "Tunataka mtu ambaye ushauri wake ni wa kweli," alisema. "Ile kumi na nane ilituonyesha wote. Angekusikiliza, kombe lingekuwa kwake. Na ujue, tulimuuliza hata yeye. Amesema hakuna anayeujua uwanja huu kama wewe."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alikuwa peke yake na mtu mmoja, mlango umefungwa, hakuna wa kumcheka. Akajibu, "Nashukuru sana, mheshimiwa," akapokea funguo za banda na filimbi.

Siku kumi na moja alikuwa msimamizi. Siku ya kumi na moja alikuwa akiwafundisha makedi wapya sita, watu wazima waliotoka kazi nyingine, wamekaa kwenye yale mabenchi mawili. Miongoni mwao alikuwepo dada mmoja aliyewahi kuwa mlinzi wa duka la vioo, mwenye kuandika kila kitu. Rula alikuwa akieleza namna ya kushauri fimbo. Dada akanyoosha mkono.

"Samahani, mzee. Na mchezaji akikufanyia ukunga, unaripoti wapi?"

Wenzake wakacheka. Wana siku tatu pale, na neno wanalijua tayari.

Rula akafungua mdomo amwambie kwamba unaripoti kwa msimamizi. Alisikia masikio yakipata moto, kisha shingo. Aliangalia daftari la yule dada, akaona ameshaliandika, *ukunga*, kwa herufi nzuri, amelipigia mstari chini.

"Lifute hilo," akasema.

"Mzee?"

"Lifute. Yule mama hakukataa kitu. Alikuwa ameshika mbao. Mimi ndiye niliyemtoa mkono, nikampa dereva. Nikamdanganya kuna upepo. Halafu nikaja hapa, nikasimama hapo alipokaa huyo bwana, nikasema yeye ndiye aliyekataa." Alitaka kuendelea, lakini kigugumizi ambacho hakuwa nacho tangu utotoni kilimrudia, akarudia "yeye ndiye, yeye ndiye" mara tatu, akanyamaza.

Kipara alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua begi. "Sasa Rula," akasema, bila ubaya wowote, "umefukua ya nini? Yalikuwa yameshazikwa."

"Yalizikwa juu ya mtu," Rula akajibu.

Akatoka moja kwa moja mpaka kwa Katibu, kabla ujasiri haujamwishia. Akaziweka funguo mezani, akaeleza yote. Alikuwa amejiandaa kufokewa. Njiani alikuwa hata ameshapanga namna ya kusimama. Katibu akacheka. "Bwana wee, ndiyo hilo tu? Fimbo? Nani ataikumbuka fimbo ya mwaka jana? Chukua funguo zako." Kisha akatazama saa, maana alikuwa na wageni. Rula aliondoka na zile funguo mkononi, akijiona mchafu kuliko alivyoingia.

Alimkuta Mkunga kwenye maegesho, akibadilisha viatu huku amekaa kwenye kiti cha gari, mlango wazi. Rula alisimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Mama, nina neno."

"Sema, mdogo wangu."

Akalisema. Safari hii hakushikwa na kigugumizi, lakini alilisema haraka, na alipomaliza akaongeza kwamba ni Kipara aliyemchokoza. Papo hapo akatamani aling'oe sikio lililosikia kauli hiyo. "Hapana," akasema. "Kipara muache. Ni mimi."

Mkunga akafunga kamba ya kiatu cha kwanza, akahamia cha pili.

"Nilisikia siku ile ile," alisema. "Nilikuwa mlangoni tangu mwanzo."

"Kwa nini hukunikanusha, Mama? Mbele yao?"

"Nikukanushe vipi? Nikupigie kelele bandani kwenu?" Akaikaza kamba. "Nikikwambia sikukasirika nitakuwa mwongo. Nilikasirika sana. Lile la dereva, hapana. Fimbo ilikuwa mikononi mwangu, ningeweza kukurudishia. Na mimi nilitaka kupiga mpigo mkubwa, nisikufiche. Kwa hiyo maji yale tugawane. Lakini la bandani, lile lilikuwa lako peke yako, nikaona nikuachie mpaka ulimalize."

"Na kwa Katibu ulinisifia."

"Aliuliza kama unaujua uwanja. Unaujua."

Rula akamwambia kwamba kuanzia Jumatano, kama ataruhusu, angependa kumbebea begi tena, usimamizi wataupa mwingine. Mkunga akatikisa kichwa, polepole, kwa upole ule ule alioutumia kwa wanawake wakiwa katika uchungu.

"Hapana, mdogo wangu. Nimeshazoea kuchagua mwenyewe. Nitamchukua yule dada mpya, anaonekana hana maneno."

Akamshika mkono, akamuaga vizuri, akafunga mlango wa gari.

Rula alibaki msimamizi, kwa sababu hakuna aliyekubali kuzipokea zile funguo. Kipara alimnunia mwezi mzima, kisha akasahau. Siku hiyo ya maegesho Rula alifika nyumbani mapema, akavuta kigoda kando ya mashine ya kufuma, akamweleza mkewe kila kitu tangu mkono ule begini. Mkewe alisikiliza bila kusimamisha mashine. Rula alipomaliza, akamuuliza kama Mkunga amesamehe.

"Sikumuuliza," Rula akasema.

"Vizuri," mkewe akasema. "Nishikie uzi huu, unajikunja."

Akaushika uzi, akakaa nao mpaka mkono wa sweta ukaisha.